Nani Amwambie Shujaa Basi?

Usiku mmoja wa Ijumaa, baada ya darsa yetu ya baina ya Magharibi na Isha hapa Masinga, kijana mmoja katika wanafunzi alibaki nyuma wenzake walipokuwa wakitafuta viatu vyao mlangoni. Kijana huyu hucheza ndondi. Kila Jumamosi hupanda matatu kwenda Machakos mjini kujizoeza, na asubuhi za siku nyingine watu wendao mashambani humwona akikimbia katika njia iendayo bwawani. Aliniuliza mambo mawili kwa mpigo: "Maalim, nifanyeje ili moyo wangu usitetemeke niingiapo ulingoni? Na mama yangu, je, ana haki ya kuniambia basi?"

La kwanza nilimjibu kwa maneno machache. La pili nililikwepa, nikamwambia tutaonana wiki ijayo. Kulikwepa huko kumenisumbua nafsini, na ndiko kulikonifanya nishike kalamu, kwani naona kwamba swali la mama ndilo lililokuwa kubwa, na lile la kwanza haliwezi kujibiwa sawasawa pasipo hilo.

Nianze na lipasalo kusemwa. Mwaka 1987 Baraza la Fiqhi la Rabita, huko Makka, lilitoa kauli kwamba mchezo wa ndondi kama uchezwavyo leo haufai katika sheria yetu, kwa kuwa kusudio lake ni kumdhuru mwenzio, na kwa kuwa tumekatazwa kupiga uso. Baadhi ya ndugu wasomao ukurasa huu wataona kuwa maneno yamekwisha hapo. Mimi siipingi kauli hiyo, wala si mtu wa daraja ya kuipinga. Walakini kijana hakuniuliza hukumu. Hukumu ameshaisikia, tena kwa sauti ya juu. Na sisi tuliomshangilia Muhammad Ali tangu ujana wetu hatuna uso wa kumfukuza kijana huyu mlangoni kana kwamba ndondi tumeijua jana. Maadam yumo katika jambo hili, yatupasa tumfikirie akiwa humo.

Wengi hudhani kwamba mpiganaji hodari ni yule mwenye hasira nyingi. Hivyo sivyo. Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, alitufundisha kuwa nguvu za mtu hazipimwi kwa kuwaangusha wenziwe katika mieleka, bali kwa kuimiliki nafsi yake anapoghadhibika. Sisi huyasoma mafundisho hayo kana kwamba yanawadharau wacheza mieleka, ilhali mcheza mieleka yeyote aijuaye kazi yake atakwambia kuwa hiyo ndiyo siri ya mchezo wake. Tazameni bwawa letu hili. Kabla halijakamilika mwaka 1981, mto Tana wakati wa masika ulipita hapa kwa kishindo, ukaenda zake na udongo wetu. Leo maji yale yale huzuiwa, hufunguliwa kwa kipimo, na huendesha mitambo hapa na kule chini Kamburu, Gitaru, Kindaruma na Kiambere. Mtu mwenye hasira ni mto wa masika, na bondia aliyefunzika ni bwawa.

Basi nilimwambia kijana kwamba hofu haitamtoka, wala asingoje imtoke. Na afanye pigo moja mara elfu, hata mkono ulijue bila ya kuulizwa. Na alale mapema, ajifunze kuvuta pumzi taratibu, na siku moja kabla ya pambano akae peke yake alipitie pambano lote akilini, pamoja na kuangushwa na kuinuka, ili jambo likitokea limkute ameshalizoea. Akiwa ulingoni asihesabu raundi zilizobaki; aifikirie ile aliyomo tu. Haya si mambo ya siri, na kila mwalimu wa ndondi huyafundisha.

Mfano wake mkubwa ulionekana Kinshasa tarehe 30 Oktoba 1974. Muhammad Ali alikuwa na miaka 32, na mbele yake alisimama George Foreman, ambaye mwaka uliotangulia alimwangusha Joe Frazier mara sita kabla ya raundi ya pili kwisha. Ali akaegemea kamba, akaufunika uso wake, akakubali kupigwa mbavu na mikono raundi baada ya raundi, mpaka yule mkubwa akachoka. Katika raundi ya nane akamwangusha. Watu hukumbuka zaidi maneno yake ya kujisifu. Mimi huvutwa na ule uvumilivu, hasa nikumbukapo kwamba mwalimu wake mwenyewe, Angelo Dundee, alikuwa akimpigia kelele aondoke kambani. Ali hakumsikiliza, na Ali ndiye aliyekuwa na haki.

Hapa ndipo penye mashaka, ndugu zangu. Ile tabia ya kutosikiliza maumivu, ya kutosikiliza hata rafiki, ndiyo iliyomwinua Ali usiku ule, na tabia hiyo hiyo huweza kumpeleka mtu kaburini. Haina alama usoni ya kutuonyesha leo imekuja kwa kazi ipi.

Robert Wangila Napunyi ni Mkenya wa pekee mpaka leo aliyepata dhahabu ya Olimpiki katika ndondi. Aliipata Seoul mwaka 1988, alipomwangusha Mfaransa Laurent Boudouani katika raundi ya pili, na nchi nzima ilifurahi. Tarehe 22 Julai 1994 alipigana huko Las Vegas na David Gonzalez. Katika raundi ya tisa mwamuzi alilisimamisha pambano. Wangila hakuridhika, alilalamika, akaona amekatizwa naye bado ana nguvu. Baadaye alizimia chumbani alimokwenda kubadili nguo, na baada ya siku mbili alifariki, naye ana miaka 26. Lizingatieni jambo hili: yeye aliona pambano limekatizwa mapema, kumbe lilikuwa limechelewa. Hakuwa akisema uongo. Alisema kwa moyo safi lile aliloliona, na chombo alichokuwa akionea ndicho kilichokuwa kimeumia.

Sasa litazameni lililotokea Manila tarehe 1 Oktoba 1975. Ali na Joe Frazier walikuwa wamepigana raundi 14 katika joto kubwa, na ilibaki moja. Jicho moja la Frazier lilikuwa limefumba, na la pili halikuona vizuri tangu zamani, hata ngumi za mkono wa kulia wa Ali hakuziona zikija. Frazier alitaka kuendelea. Mwalimu wake, Eddie Futch, alimzuia asiinuke kwenye kiti, akamwambia mwamuzi kuwa imetosha. Pambano la ubingwa wa dunia lilikwisha hivyo, kwa mtu mmoja asiyepigana kumwamulia apiganaye. Frazier aliumia moyo kwa uamuzi ule, lakini aliishi miaka 36 baada ya siku hiyo, akawaona wajukuu.

Je, Futch alikuwa na haki gani? Frazier alikuwa mtu mzima, mwenye akili, na taabu ya miaka yote ile ilikuwa yake. Wako wasemao kwamba kumzuia mtu mzima asifanye alitakalo kwa mwili wake ni kumdhulumu. Mimi naona jawabu limo katika jambo ambalo wanafunzi wa fiqhi wanalijua vizuri. Kadhi amekatazwa kuhukumu baina ya watu akiwa na ghadhabu, na wanavyuoni wakaongeza kwa kiasi njaa kali, kiu, usingizi na maumivu, kwa kuwa kila kimojawapo huifunika akili. Kadhi huyo hakuvuliwa ukadhi wake. Ameambiwa asubiri saa nyingine tu. Basi bondia katika raundi ya 14 ana ghadhabu, ana kiu, ana maumivu, naye akaaye kuhukumiwa ni nafsi yake mwenyewe. Ikiwa kadhi wa mji hafai kuhukumu kesi ya mbuzi wawili katika hali hiyo, vipi yeye afae kuhukumu juu ya uhai wake?

Kwa hivyo haki ya Futch haikutoka kwake. Ilitoka kwa Frazier mwenyewe, katika saa ya utulivu, alipomchagua mtu huyo akae kwenye kona yake. Huo ni uwakili, na tofauti yake na uwakili wa sokoni ni kwamba mwenyewe hawezi kuuvunja wakati moto umewaka. Uwakili kama huu apewe nani? Asipewe aliye na fungu katika malipo, nami hapa nimekuwa mkali na sijuti. Kwa miaka mingi Ali alikuwa na tabibu wake, Ferdie Pacheco. Mwaka 1977, baada ya pambano na Earnie Shavers, tabibu huyo alitaka Ali aache ndondi, hakusikilizwa, akaondoka. Waliobaki walimzunguka Ali, wakamsifu, na akaendelea mpaka mwisho wa 1981. Mwaka 1984 ilijulikana kuwa ana maradhi ya kutetemeka ambayo alikaa nayo mpaka kufa kwake mwaka 2016. Sisemi kwamba kila mtetemo ulitoka ulingoni. Hilo ni la matabibu. Nasema kwamba aliyemwambia basi ndiye aliyetoka nje ya mlango.

Wala msaada hauishi kengele ya mwisho inapolia. Conjestina Achieng alikuwa fahari yetu ya ndondi miaka ya 2000. Alipopatwa na maradhi ya akili, mzigo uliwaangukia jamaa zake huko Siaya, sisi washangiliaji tukabaki kusoma habari zake magazetini.

Hapo ndipo lilipo jawabu la swali la mama. Hana haki ya kumwondolea mwanawe ushujaa. Lakini mwili anaouweka kijana rehani ni amana, na ukivunjika, atakayeulisha kwa kijiko ni mama huyo. Haki yake, kwa uchache, ni kujua nani atakayekaa kwenye kona, na kuridhika naye.

Haya nilimwambia kijana Ijumaa iliyofuata. Alinyamaza sana. Kisha akasema mwalimu wake wa ndondi ni mtu mwema ila ana vijana wengi, na akamtaja mjomba wake, dereva wa lori, asiyejua ndondi hata kidogo. Nilicheka. Mama alipoulizwa alikubali siku ile ile, na mwalimu naye hakukataa. Sasa mjomba, asipokuwa safarini, huenda naye Machakos kila Jumamosi, akakaa kwenye benchi na chupa ya maji. Juzi aliniambia kwamba kijana akichoka kweli huanza kuushusha mkono wa kushoto na kutabasamu, na kwamba alikuwa akitabasamu hivyo hivyo alipokuwa mtoto, akirudi na mbuzi jioni na kudai kuwa hana homa.