Kimbunga Kina Jina, Marehemu Je?

Aprili 2019 kimbunga Kenneth kiliingia Cabo Delgado, kaskazini mwa Msumbiji, kusini ya mdomo wa mto Ruvuma, kikaua zaidi ya watu 40. Wenzetu wa Mtwara walitahadharishwa. Nasi wa Mbaha, kando ya Ziwa Nyasa, tulisikiliza redio kwa hofu. Agosti 2017 kimbunga kingine chenye jina hilohilo kilivuma kwa nguvu kubwa katika Bahari ya Pasifiki, kikafifia bila kugusa nchi kavu.

Je, jina lina laana? Hapana. Kila bahari ina orodha yake ya majina, iliyoandaliwa mapema, ili dhoruba moja isichanganywe na nyingine. Kimbunga kilichofika Mafia Mei 2024 kiliitwa Hidaya, maana yake zawadi, na hakuna aliyekiomba.

Basi hawa ni wajina wawili: mmoja ameua, mwingine hakuua. Hatuwezi kumsifu wa Pasifiki kwa wema, kwa kuwa upepo hauna dhamiri. Wala tusiseme kwamba waliokufa Cabo Delgado walikuwa na dhambi kuliko waliosalimika. Bwana Yesu alilikataa wazo hilo alipoulizia habari za watu 18 walioangukiwa na mnara wa Siloamu.

Tulipokwisha kufundisha hayo, mama mmoja mjane alibaki kanisani. Mume wake alikwenda kuvua usiku, mtumbwi ukapinduliwa na upepo. Alituuliza: "Baba Mchungaji, upepo uliomchukua mume wangu unaitwaje?"

Tulikaa kimya. Upepo ule haukuwa na jina, wala haukutangazwa redioni. Ndipo tulipoona kosa letu. Tulikuwa tumekariri majina ya vimbunga, lakini hatukujua jina hata moja la waliokufa Cabo Delgado, na la mvuvi wetu tulikuwa tumeacha kulitaja.

Eliya alisimama mlimani, upepo mkuu ukapasua miamba, wala Bwana hakuwamo katika upepo ule. Kisha akaitwa kwa jina lake. Katika ubatizo sisi nasi tuliitwa hivyo, na kifo hakifuti wito huo.

Tangu siku ile, katika maombi ya Jumapili tunawataja kwa majina wote waliozama ziwani. Tukimaliza, tunauliza ni nani atakayewasaidia wajane wao kulima wiki hiyo.