Alama za Silikoni Zinatoka: Shika Wembe

Piga magoti uikague sakafu yako. Angalia chini ya sinki la jikoni, kando ya choo, kwenye kona ya bafu. Fundi alipita hapo na silikoni yake, akaziba nyufa vizuri, kisha akafutia vidole kwenye vigae. Wiki ya kwanza hukuona kitu. Leo kuna michirizi myeusi, kwa kuwa silikoni hushika vumbi na mafuta, nawe umeideki kila Jumamosi wala haijabanduka hata chembe. Ukaamua kwamba ndivyo sakafu ilivyo, ukatandika kizulia juu yake. Nakuomba ukiondoe hicho kizulia.

Hukushindwa kwa uvivu. Ulikuwa unapigana na adui usiyemjua. Alama ile si uchafu, ni mpira. Silikoni hukauka kwa kunywa unyevu wa hewani, na aina nyingi za bei nafuu hutoa harufu kali ya siki wakati huo. Ikishakauka, maji hayaiyeyushi. Yachemshe ukipenda: mpira huo hustahimili joto linalozidi kabisa lile la maji yanayotokota. Sabuni haiiwezi, bulichi haiiwezi. Miaka ya kusugua kwa nguvu zote haikuwa na matokeo kwa sababu hiyo tu. Sasa umemjua, na ukishamjua kazi ni nyepesi kuliko unavyodhani.

Kwanza wembe, tena mpya, uliowekwa kwenye mshikio wake. Vidole vyako navithamini kuliko sakafu. Lowanisha kigae kwa maji ya sabuni ili wembe uteleze. Ulaze chini, karibu usawa wa kigae, usukume mbele kidogo kidogo. Usiuvute kurudi nyuma, wala usisimamishe ncha. Utaona ukanda wa silikoni ukinyanyuka mzima mzima, na nakuhakikishia hapo utapata hamu ya kuendelea. Kisha pakaushe, chukua kitambaa kikavu chenye ukwaruzo, usugue utando uliobaki. Utajikunja kuwa vijipira vidogo vya kijivu. Vifagie hivyo, endelea. Hapa ndipo wengi hukata tamaa, nami nasema hapa ndipo ushindi ulipo, kwa sababu utando huo mwembamba ndio unaodaka vumbi na kurudisha weusi baada ya siku chache.

Umebaki bado? Lowesha kitambaa kwa spiriti, ukilaze juu ya alama hadi ilegee, kisha rudia kusugua. Fungua madirisha, zima jiko. Mvuke wa spiriti hushika moto upesi, na hakuna sakafu inayostahili kuunguza nyumba. Ukitaka kujua kama umemaliza, dondosha maji: yakitawanyika sawasawa na kwenye kigae cha jirani, umeshinda. Yakijikusanya kama tone juu ya jani la myugwa, utando bado upo. Sugua tena!

Lakini ijue sakafu yako kabla ya kuishambulia. Kigae cha kauri kilichopakwa ung'avu huvumilia wembe, ila jaribu kwanza kwenye kona isiyoonekana. Ukiona mistari ya kijivu usishtuke, mara nyingi ni chuma cha wembe kilichobaki juu, nacho hutoka kwa unga wa kusugulia. Marumaru ya jiwe halisi na terazo ni habari nyingine: siki, ndimu na dawa ya choo yenye asidi huzila, na ung'avu ukishaliwa haurudi bila mashine. Sakafu ya plastiki usiiguse kwa thina wala asetoni, itayeyuka pamoja na alama. Na popote ulipo, usichanganye bulichi na asidi. Gesi ya klorini inayotoka hapo huumiza mapafu, na bafu dogo lililofungwa halikupi nafasi ya kukimbia.

Usiniambie nyumba ni ya kupanga. Wewe ndiye unayeikanyaga peku asubuhi, mwanao ndiye anayetambaa hapo. Wala usingoje siku ya kufanya nyumba nzima. Chagua kigae kimoja leo jioni, kile kinachokuudhi kuliko vyote, ukimalize kabisa. Kesho kitasimama peke yake katikati ya wenzake wachafu, kikikudai.

Na fundi akirudi kuziba tena, simama pale pale. Mwambie abandike selotepu ya karatasi pande zote mbili za ufa kabla ya kukamua silikoni, na aibandue mara tu anapomaliza kulainisha, kabla silikoni haijaanza kuweka ngozi. Mpe kitambaa cha kufutia vidole. Mwambie pia akwangue silikoni yote ya zamani, maana mpya haishiki vizuri juu ya iliyokwisha kukauka. Akisema ana haraka, mlipe akimaliza kufuta.