Kiapo cha Nyota Inayotua

Mimi ni fundi wa kuchomelea vyuma. Nilizaliwa Tanga, na mwaka wa kumi na tatu huu niko Durban nikiziba matundu ya meli kwenye chelezo cha bandarini. Chumba changu kiko Bluff, kilima kilekile walikoishi Wazanzibari walioletwa Natal kuanzia mwaka 1873 baada ya kutolewa utumwani, mpaka serikali ya ubaguzi ilipowahamishia Chatsworth.

Mwisho wa Juni nikitoka alfajiri kwenda kazini, nakikuta Kilimia, kile kishada cha nyota, kimeshapanda, kaskazini mashariki, juu ya bahari. Mzulu ninayefanya naye kazi hukiita isiLimela. Siku tuliyogundua kwamba wazee wake na wangu walipanga mashamba yao kwa kutazama kishada kimoja, na jina wakalitoa kwenye kulima, tulicheka mpaka msimamizi akatufokea. Yeye ni Mkristo, na ndiye aliyeniuliza: "Mfowethu, nimesikia nyota nazo zinakufa. Mbona Kurani yenu inaziapia?"

Hakujua swali lake lilikuwa na makali kiasi gani. Katika sura ya 6 Nabii Ibrahim anaiona nyota usiku, na inapotua anaikataa, kwa kuwa hapendi vinavyotua. Halafu sura ya 53 inafungua kwa kuapa kwa nyota, tena si ile iliyo juu kileleni, ni ile inapotua. Jambo lililoifanya ikataliwe kule, huku ndilo linaloifanya iapiwe. Chuoni nilizihifadhi zote mbili na sikuwahi kuuliza.

Jibu nimelipata kwenye chuma. Nyota huishi kwa kuunganisha vitu vyepesi viwe vizito: haidrojeni huwa heli, na katika nyota kubwa, zenye uzito wa jua letu mara nane na kuzidi, kazi huendelea hadi kaboni, oksijeni, silikoni. Haidrojeni huichukua mamilioni ya miaka. Silikoni huisha kwa siku chache tu, na majivu yake ni chuma. Hapo ndipo mwisho, kwani kukiunganisha chuma kunakula joto badala ya kulitoa. Kiini kinaporomoka kwa muda usiofika sekunde moja, nyota inalipuka, na mlipuko wenyewe unafua chuma kingine na kukirusha angani.

Februari 1987 mlipuko wa namna hiyo ulionekana kwa macho matupu huku kusini mwa dunia. Nilikuwa na miaka sita, nimelala. Chuma kilichozaliwa pale kilipigiwa hesabu: uzito wake unapita wa dunia yetu mara 20,000. Jua letu halitafika huko, ni dogo. Miaka bilioni 5 hivi ijayo litavimba liwe jekundu, livue maganda yake, libaki kibete cheupe kinachopoa polepole.

Mtu mzima ana gramu 3 hadi 4 za chuma mwilini, kama msumari mmoja mdogo, sehemu kubwa ikiwa kwenye damu. Chuma hicho kilitoka katika nyota zilizokufa kabla jua halijawaka. Sura ya 57, yenyewe inaitwa Chuma, inasema kiliteremshwa. Wapo wanaolidaka neno hilo na kutangaza kuwa Kurani ilitangulia fizikia. Siwafuati. Fizikia hurekebishwa kila inapokuja darubini mpya, na aya ile inazungumza na watu juu ya nguvu ya chuma na manufaa yake kwao.

Rafiki yangu nilimjibu hivi. Ibrahim alisema kweli: kinachokufa hakiabudiwi. Lakini hakusema kwamba kutua ni aibu. Nyota ikiwaka, karibu kila inachokifua inakifungia tumboni, na sehemu kubwa haiigawi mpaka siku ya kufa. Naona kiapo kimewekwa pale inapotua kwa sababu pale ndipo inapotoa.

Akafikiri kidogo, akasema: "Basi tajiri wetu ni nyota ambayo haijafa."

Kilimia chenyewe bado ni kichanga: kina miaka milioni 100 hivi, na jua lina bilioni 4.6. Ukitaka kukiona, amka mwisho wa Juni kabla hakujapambazuka, utazame kaskazini mashariki. Nyota zake ni zaidi ya elfu moja. Kwa macho wengi huhesabu sita.