Jumanne: Mbegu Kabla ya Chakula

Soma Mwanzo 47:18–25. Wamisri walikuwa wamebakiwa na nini, nao walimwomba Yusufu awape nini?

Fedha ilikwisha kwanza, kisha mifugo. Walibaki na miili yao na ardhi yao, wakavitoa vyote viwili. Hawakuomba chakula peke yake. Waliomba na mbegu, ili nchi isiwe ukiwa. Aliyekosa mbegu huendelea kuwa mtumwa hata mvua ikirudi. Angalia pia aya ya 24: katika zile sehemu nne walizoachiwa, Yusufu anataja mbegu ya shamba kwanza, na chakula baadaye.

Historia ya Ugogo inalijua jambo hili. Kati ya 1917 na 1920 njaa iliyoitwa Mtunya iliua maelfu ya watu. Majeshi ya Wajerumani, kisha ya Waingereza, yalikuwa yamechukua nafaka, ng'ombe na vijana wa kubeba mizigo. Ukame ulikuta ghala tupu.

Mvua ya huko ni ya msimu mmoja tu. (Hata hivyo, ni nchi hiyo hiyo ambayo mafuriko ya mwisho wa 2009 na Januari 2010 yalibomoa reli kati ya Kilosa na Gulwe.) Mahindi yakikosa maji wakati wa kuchanua hayatoi punje. Mtama husimama, hungoja, kisha huendelea. Kwa hiyo mkulima mwangalifu huchagua mbegu shambani kabla ya kuvuna, kutoka mimea iliyostahimili. Kwa uwele huchukua masuke mengi, maana uwele huchavushana, na mbegu ya mashina mawili matatu hudhoofika baada ya misimu michache. Masuke hutundikwa juu ya meko, moshi ufukuze wadudu. Kunde huchanganywa na majivu ndani ya kibuyu. Huko Arusha taifa lina benki ya kuhifadhi mbegu za asili kwenye ubaridi. Ni kazi njema, ila mbegu iliyo kwenye jokofu haikuuona ukame wa mwaka jana.

Soma Zaburi 126:5, 6. Kwa nini mpanzi analia?

Wahubiri wengi huyapeleka machozi haya moja kwa moja kwenye uinjilisti. Si vibaya, lakini mkulima wa Gulwe huyaelewa mapema zaidi. Mbegu iliyo mkononi ingeweza kuwa uji wa watoto jioni hiyo. Mpanzi anaitupa udongoni, huku nyumbani wana njaa, akimtumaini Mungu aliyeahidi majira ya kupanda na kuvuna (Mwanzo 8:22).

Jadilini: Familia moja ya kanisa imekula mbegu yake mwezi wa Desemba kwa sababu watoto walilia. Mithali 11:26 inamwambia nini jirani mwenye kibuyu kilichojaa? Je, kanisa lenu lingeweza kutunza ghala la mbegu, mtu akakopa debe moja na kurudisha baada ya mavuno? Na mvua ikikataa tena, deni hilo mtalifanyaje?