Je, ni Dhambi Kupamba Subaru?



Swali hili huibuka sana vijana wa parokia wakikaa kupiga stori baada ya Misa, na gari linalotajwa mara nyingi ni lile lile: Subaru Impreza. Mtu kadunduliza, kanunua ya mtumba kutoka Japani, basi hatulii. Leo rimu, kesho spoila, mwezi ujao anaipaka bluu ya magari ya mashindano. Mwenzake anamwambia: hizo hela si ungewapa maskini?

Kama ada ya mdogo wako haijalipwa, hapo swali lina haki yake. Vinginevyo naona ni hukumu ya haraka (na anayeuliza naye kashona nguo ya bei mbaya). Mtakatifu Tomaso wa Akwino, alipojadili mavazi na mapambo, alisema kasoro haimo kwenye vitu vyenyewe, imo kwa mtu anayevitumia bila kiasi. Na bluu ile ina historia kwetu: Colin McRae alishinda Safari Rally ya Kenya na Impreza mwaka 1997, Richard Burns akarudia mwaka 2000. Hata nembo yake ya nyota sita inapendeza kuijua. Subaru ni jina la Kijapani la Kilimia, nyota zile zile ambazo Mungu anamuuliza Ayubu habari zake katika sura ya 38.

Mimi shida yangu inaanzia kwenye bomba la moshi. Rangi asiyeipenda anageuza macho. Sauti je? Mlio wa Impreza za zamani zenye tabo unatokana na injini yenyewe: pistoni zimelala, mbili kulia mbili kushoto, na mabomba ya moshi ya pande hizo hayalingani urefu. Ndiyo maana inadunda vile hata kama fundi hajaigusa. Uzuri tayari upo! Anayeng'oa sailensa ili asikike mitaa mitatu anamkamata kwa nguvu mama mwenye kichanga, mzee mwenye presha, na mlinzi aliyerudi alfajiri kutoka lindo. Hakuna aliyewauliza.

Kuna zito zaidi. Katekisimu, namba 2290, inasema anayehatarisha maisha yake na ya wengine barabarani kwa ulevi au kwa kupenda mno mwendo kasi ana hatia kubwa. Sasa fuatilia hela inavyotembea gereji. Tabo inaongezewa presha. Springi zinakatwa na grainda ili gari lilale chini. Breki? Zile zile lilizokuja nazo. Breki hazipigwi picha, jamani. Hakuna atakayekusimamisha sheli akusifie pedi mpya. Lakini mwendo ukiwa mara mbili, kazi ya breki kulisimamisha gari inakuwa mara nne, na anayekatiza barabara hajui kwamba wewe ulianza na spoila.

Kwa hiyo mwenye Impreza akiniuliza aanzie wapi, namwambia breki, matairi, bushi, ndipo rimu. Rozari kwenye kioo aitundike tu, ila iwe fupi, isije ikamziba asimwone mtu anayevuka kutoka kushoto.