Falsafa kwa Mwanafunzi wa Fani Nyingine

Katika vyuo vikuu vingi, darasa la kwanza la falsafa hukaliwa na watu ambao hawatakuwa wanafalsafa: wa sheria, uhandisi, uuguzi, uchumi. Wengi wamelichukua kama kozi ya hiari. Zamani hiari hiyo haikuwapo. Katika vyuo vya Ulaya ya Zama za Kati, aliyetaka theolojia, sheria au tiba kwa kawaida alianzia kitivo cha sanaa, na huko mantiki haikukwepeka. Kwa wanazuoni wa Kiislamu mantiki ilihesabiwa miongoni mwa elimu za ala, yaani chombo cha kufikia elimu nyingine. Al-Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, alikifungua kitabu chake cha misingi ya sheria, al-Mustasfa, kwa utangulizi wa mantiki.

Uskoti iliishikilia kwa muda mrefu desturi hiyo ya kuchanganya falsafa na masomo mengine. Julius Nyerere alipokwenda Chuo Kikuu cha Edinburgh mwaka 1949, shahada aliyoisoma ilichanganya fasihi ya Kiingereza, uchumi, historia, anthropolojia, sheria ya katiba na falsafa ya maadili. Profesa wa falsafa ya maadili chuoni hapo alikuwa John Macmurray, aliyeshikilia kwamba mtu hukamilika katika uhusiano wake na wenzake. Inashawishi kuona hapo chimbuko la ujamaa, lakini Nyerere mwenyewe aliutafutia mizizi katika familia ya Kiafrika. Lenye uzito zaidi ni kwamba alifika Edinburgh akiwa mtu mzima, aliyekwisha kufundisha na kushuhudia utawala wa kikoloni. Maswali alikuwa nayo tayari.

Hapo ndipo faida ya kozi hizi ilipo: falsafa inapokutana na kile ambacho mwanafunzi amekuja nacho. Mfano ulio wazi zaidi ni wa Claude Shannon, aliyesoma uhandisi wa umeme na hisabati katika Chuo Kikuu cha Michigan, akahitimu mwaka 1936. Katika kozi ya falsafa alikutana na mantiki ya George Boole, ambamo kauli hushughulikiwa kama hesabu: kweli ni 1, uongo ni 0. Mwaka 1937, katika tasnifu yake ya uzamili huko MIT, alionyesha kwamba swichi za umeme, zikiwaka na kuzimika, zinafuata kanuni hizohizo. Msingi wa saketi za kompyuta uko humo. Wanafunzi wengi wa falsafa walikuwa wamemsoma Boole, swichi hawakuzijua.

Kwa hiyo kozi hii hufaa zaidi mwaka wa pili au wa tatu kuliko muhula wa kwanza. Mwanafunzi wa uuguzi aliyekwisha kuingia wodini anajua ridhaa ya mgonjwa inavyoweza kuwa saini tu. Ugumu upo, hasa kwa waliozoea swali lenye jibu moja: insha ya falsafa hupimwa kwa hoja, na alama za kwanza huwa chungu.

Wapo pia wasiorudi kwenye fani walizotoka. Henry Odera Oruka wa Kenya alikwenda Uppsala, Sweden, kusoma sayansi, akachanganya na falsafa. Baadaye akawa profesa wa falsafa katika Chuo Kikuu cha Nairobi, akawahoji wazee wenye hekima vijijini, na mwaka 1990 akatoa kitabu Sage Philosophy.