Haki ya Ndege Asiye na Bei

Magharibi ya mji wa Lindi, ardhi huinuka katika uwanda wa Rondo mpaka kufikia karibu mita 900 juu ya bahari. Ukungu hupanda huko, na chini ya mivule hubaki ubichi wakati nchi ya chini imekwisha kukauka. Msitu huo ni mfano wa kisiwa, ila umezungukwa na pori kavu na mashamba badala ya maji. Humo huishi mkesha wa madoa, ndege mwenye kifua cheupe kilichotiwa alama nyeusi, apekuaye majani makavu kutafuta wadudu na konokono. Haharibu shamba, wala hapelekwi sokoni. Wako watu waliozaliwa na kuzeeka Lindi wasimwone hata siku moja. Naye yumo katika orodha ya viumbe walio katika hatari ya kutoweka duniani. Je, kiumbe wa namna hiyo ana haki gani juu ya mwanadamu?

Swali hili halikuulizwa katika miaka ya 1940 na 1950, mivule ya Rondo ilipokatwa kwa wingi ili kupasuliwa mbao. Baadaye misaji na misonobari ilipandwa katika sehemu za uwanda ule. Katika vitabu vya hesabu, msaji ni mti kama mvule, na shamba la misaji laweza kuitwa msitu. Mkesha hakusoma vitabu hivyo. Msitu wa asili uliosalia leo ni hifadhi.

Jibu jepesi kwa swali lile ni faida. Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 iliviwezesha vijiji kuwa na misitu yao wenyewe, na huko Kilwa vijiji vya Kikole na Kisangi viliitumia vema. Mwaka 2009 msitu wao ulipata cheti cha kimataifa cha matumizi bora, cha kwanza katika Afrika kwa msitu wa asili unaotunzwa na wanakijiji. Mpingo, ambao ndio utoao zumari za Ulaya, ukawa mali ya watu waishio nao. Jambo hili lastahili sifa. Walakini faida ni mlinzi mwema na hoja dhaifu. Mpingo huchukua miaka sabini au zaidi kukomaa. Simsim huvunwa kwa miezi michache, na mashamba yake yamekwisha kumeza pori kubwa la Kilwa na Lindi. Bei ya simsim ikipanda, aliyelinda msitu kwa ajili ya fedha tu ana sababu ile ile ya kuufyeka. Na mkesha hana bei hata ya senti moja.

Wenyeji wa pwani hii wanajua namna nyingine ya kuthamini. Magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara yaliingizwa katika urithi wa dunia mwaka 1981. Mwaka 2004 yakahesabiwa kuwa hatarini, na baada ya matengenezo yakaondolewa katika hatari hiyo mwaka 2014. Hapana aliyeuliza Msikiti Mkuu hutoa magunia mangapi kwa mwaka. Ukuta ulioanguka, tena, waweza kusimamishwa kwa mawe yale yale na chokaa. Aina ya ndege ikiisha, hapana fundi wa kuirudisha. Huko Gede, pwani ya Kenya, miti iliyoota katika magofu ilinusurika kwa kuwa mawe yalilindwa, na mkesha wa madoa huonekana chini yake katika miezi ya baridi. Ndege kupata hifadhi kwa hisani ya mawe ni jambo la kufurahisha, na la kuaibisha kidogo.

Ikikubalika kwamba ndege huyu ana haki ya kuwapo, deni la haki hiyo ni la nani? Mkulima wa Rutamba, aliye jirani na msitu wa Litipo, huambiwa asifyeke. Msomi wa Dar es Salaam au London, asifuye uzuri wa msitu ule, haachi hata robo ekari. Kumtwika mkulima peke yake gharama ya wema wa wote ni dhuluma, na dhuluma hiyo haipungui kwa kuwa imetendwa kwa jina la ndege. Asemaye kwamba mkesha asipotee na aanze kwa kuuliza mkulima yule atalipwa nini, na nani, kabla mvua za vuli hazijanyesha na panga halijanolewa.